Kisigino cha Mama na Trekta Dogo

Jumbe alikuja kwetu Chanika asubuhi kwa baiskeli, mwavuli wake umefungwa nyuma kwa kipande cha mpira. Nilimletea kiti, hakukitaka. Alisimama uani, akaitikia shikamoo yangu, akauliza habari za wadogo zangu mmoja mmoja, kisha akasema lililomleta.

"Binti wa mwalimu, bonde lenu linaota matete."

"Naliona, mzee."

"Masika mbili limelala. Hii inayokuja ni ya tatu. Mie sikumpa baba yako bonde afuge matete, nilimpa alime."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Baba alikuwa mgeni pale, mtu wa bara, mwalimu wa shule ya misheni aliyeomba mahali pa kukaa na familia yake. Kwa desturi ya wenyeji wetu, mgeni aliyepewa ardhi aliishika kwa kuilima. Akiiacha masika tatu mfululizo, ilirudi kwa wenyewe, bila kesi na bila ugomvi. Minazi aliyoipanda kwa ruhusa ilibaki kuwa yake hata ikisimama katikati ya shamba la mtu mwingine. Lakini udongo usiogeuzwa haukuwa na mwenyewe.

"Siku maji yatakaposimama kwenye majaruba ya mpunga kutwa nzima, nitakuja," Jumbe alisema. "Nitatembea ukingo kwa ukingo. Palipogeuzwa ni penu. Pasipogeuzwa nampa mpwa wangu. Naye ana watoto."

Alisema bila ukali, ndiyo maana nilimwamini. Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Bonde lile lilikuwa ekari sita za udongo mweusi chini ya kilima chetu cha mchanga. Kilimani tulikuwa na mihogo, minazi na mikorosho, na pale juu, karibu na nyumba, tuliwazika baba na mama. Lakini mpunga ulitoka bondeni. Baba alipofariki nilikuwa darasa la nne. Nilirudisha vitabu vya shule, nikashika jembe pamoja na mama, na mpunga wa lile bonde ndio uliotulisha watoto wanne na kumweka mama bila kuomba kwa mtu. Mama naye alipokufa, mwaka wa kwanza tulikuwa na msiba wake. Mwaka wa pili niliingia bondeni peke yangu na jembe, nikageuza eneo la kama viwanja viwili vya nyumba, nikaugua mgongo, na magugu ya ndago yakalifunika lote kabla sijapanda. Wadogo zangu wa kike, mapacha, walikuwa shule ya bweni. Mdogo wangu wa kiume alikuwa dereva wa lori mjini. Ningeweza kuwaita wote watatu warudi na majembe. Wangekuja, nawajua. Sikutaka waje.

Mdogo wangu ndiye aliyeleta wazo la trekta. Aliposikia maneno ya Jumbe alikuja Jumamosi ya wiki ile ile, akakaa jikoni kwangu akila muhogo wa kuchemsha, akasema, "Dada, kuna Mhindi Barabara ya Pugu anauza matrekta yaliyotumika. Mie na wewe tukiunganisha, tunapata moja."

"Moja tu?"

"Moja tu. Kwa hiyo tusikosee."

Nilicheka, naye akacheka, lakini usiku ule nililala macho. Watu weusi wenye trekta enzi hizo za Mwingereza ungeweza kuwahesabu kwa vidole, na kati ya hao sikupata kusikia mwanamke.

Kabla ya kwenda mjini nilichukua kamba ya kumbi la nazi, ile ndefu ambayo mama aliitumia kupima ngwe za kulima. Nikaenda nayo kwenye minazi ya baba, mahali njia ya kushukia bondeni inapopita, nikapima upana kati ya mnazi na mnazi, nikafunga fundo. Nikapima ukingo wa jaruba la kwanza, nikafunga fundo la pili. Nikapima nafasi iliyopo mwisho wa bonde, kati ya jaruba la mwisho na matete, ambapo mashine ingegeukia, nikafunga la tatu. Mdogo wangu aliponiona naizungusha ile kamba kiunoni alishika kichwa.

"Dada, unakwenda nayo mjini hiyo?"

"Nakwenda nayo."

"Watasema tumekuja kununua ng'ombe."

Yule Mhindi alikuwa mzee mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa uzi. Duka lake lilikuwa mbele, la vyuma na misumari. Nyuma kulikuwa na uwanja wenye matrekta mawili tu ya kuuzwa. La kwanza lilitoka kwenye shamba la mkonge. Lilikuwa kubwa, magurudumu yake ya nyuma yakinifika kifuani, limepakwa rangi nyekundu upya. La pili lilikuwa dogo, fupi, rangi ya majivu, limechubuka kila mahali. Limesimama kando ya lile jekundu kama mbuzi kando ya fahali.

Mdogo wangu hakuliangalia la pili. Alipanda juu ya lile jekundu, akashika usukani, akabonyeza hiki na kile, na nikaona uso wake umekuwa ule wa utotoni.

"Dada, hili! Hili linapasua bonde lote sasa hivi, likiwa kavu. Hatungoji mvua. Jumbe akija anakuta madongoa yametapakaa mpaka kwenye matete."

"Hilo nguvu yake ni kweli," Mhindi alisema. Akanigeukia mimi. "Dada, shamba lako udongo gani?"

Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza swali hilo, wala kabla ya siku ile wala baadaye. Nikamwambia: juu mchanga, chini udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, masika unavuta mguu mpaka goti.

"Aa," akasema.

Nilifungua kamba kiunoni. Vibarua wawili waliokuwa wakipakia nondo waliacha kazi kutazama. Nikaiweka kamba kwenye trekta jekundu, gurudumu hadi gurudumu. Lilipita fundo la kwanza kwa zaidi ya shubiri mbili.

"Halipiti kati ya minazi," nikasema.

"Tunakata miwili," mdogo wangu akajibu toka juu. "Minazi miwili tu, dada! Baba mwenyewe angekata."

Kibarua mmoja akasema, "Sista, hiyo kamba haina ulimi? Iulize na bei." Mwenzake akacheka. Mimi nilikuwa nawaza ile minazi miwili. Sikuwa na shida nayo. Mnazi ni mnazi; ningeukata siku ile ile kama ungeniletea bonde. Shida yangu ilikuwa uzito. Nilimuuliza Mhindi, "Hili jekundu likishuka bondeni, mvua ikalikuta humo humo, litatoka?"

Alivua miwani akaifuta kwa kanzu. Angeweza kusema litatoka. Lile ndilo lililokuwa na faida kubwa kwake. "Likizama," akasema, "utavuta na nini? Utahitaji lingine kama hilo kulivuta."

"Na hilo dogo?"

"Dogo kavu kavu halitaweza, plau itarukaruka juu. Lazima mvua ya kwanza ilainishe kidogo. Halafu kazi haraka haraka, kabla maji hayajajaa. Siku chache tu unazo. Lakini jepesi. Likikwama, watu sita wanalisukuma."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Jekundu lingepasua bonde sasa, likiwa kama sakafu, na tukawahi. Au mvua ingekuja mapema, likazama, tukapoteza trekta na bonde kwa pamoja. Dogo lingetufanya tukae mikono mitupu tukingoja mvua ile ile tuliyokuwa tunaiogopa, kisha tukimbizane nayo.

Mdogo wangu alishuka, akanivuta pembeni. "Dada, nakuomba. Ukinunua hicho kitoto, mpwa wa Jumbe atatucheka mpaka tuhame. Mie ni dereva. Naijua mashine."

"Na mie nalijua bonde."

"Mvua inaweza kukawia mpaka mwezi wa nne."

"Inaweza pia kuja kesho kutwa."

Tulitazamana. Alikuwa mkubwa kuliko mimi kwa kimo na kwa kifua, lakini tangu baba afariki hakuwa amewahi kupitisha neno lake juu ya langu, na siku ile ndiyo nilipoona jinsi jambo hilo lilivyomchosha. Nikanunua dogo.

Alilipeleka nyumbani yeye mwenyewe, mwendo wa mtu anayetembea, mimi nimekaa juu ya bati linalofunika gurudumu nikishika plau isigongegonge. Liliwashwa kwa petroli, na injini ilipopata moto akafungua bomba la mafuta ya taa, likaanza kutoa moshi wenye harufu ya jikoni. Tulipopita Kiwalani, wanawake waliokuwa wakiuza mihogo barabarani walisimama.

"Nyie! Mama yake hicho yuko wapi?"

"Kimeachishwa ziwa jana," mdogo wangu akawajibu, akajitahidi kucheka. Lakini kuanzia pale mpaka Pugu hakunisemesha.

Mpwa wa Jumbe alikuwa akitungoja njiani tulipokaribia nyumbani. Alikuwa kijana wa rika la mdogo wangu, hodari wa jembe, si mtu mbaya. Alilizunguka trekta mara moja.

"Dada, hiki kinakula majani au mafuta?"

"Mafuta ya taa."

"Basi usiku mnakiweka dirishani kitumulikie," akasema, akaenda zake akicheka. Kesho yake nilimwona bondeni na mambo sita ya mti, vile vigingi vya mpaka, na jembe la kupigia. Alikuwa akipima. Hakuvuka ukingo wetu. Alisimama kwake, akanyoosha mkono kuelekea kwetu, akahesabu kwa midomo.

Tulingoja wiki tatu. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini, na tajiri wake akampa mwezi mmoja tu, bila ahadi ya zaidi. Kila asubuhi alilipasha trekta moto, akaliacha likinguruma dakika chache, akalizima. Tulizunguka minazi tukalima vipande vya mchanga kilimani ili aijue plau, na pale mchangani lilikwenda kama kisu kwenye papai. Hilo halikunifurahisha. Mchanga mtoto yeyote angeulima.

Nilikuwa na kitu kimoja nilichokitegemea, nacho ni kisigino. Mama alinifundisha kulisoma bonde kwa kisigino cha kulia. Unavua viatu, unasimama juu ya udongo, unaweka uzito wote kisiginoni. Kisigino kikigonga kama sakafu, bado. Kikizama na udongo ukang'ang'ania kifundo, umechelewa. Kikizama nusu, na ukiinua mguu alama ikabaki na ukingo safi kama wa bakuli, ita watu siku hiyo hiyo. Kwa miaka yote niliyolima naye kisigino hakikutudanganya hata mara moja. Nilimweleza mdogo wangu. Alisikiliza kwa heshima, akauliza, "Na plau yenyewe haina kisigino?" Nikaona ni utani.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumamosi alasiri, nzito, kama saa moja. Jumapili tulikwenda kanisani, nikasali nikiwa na tope miguuni. Jumatatu alfajiri tulikuwa bondeni. Juu udongo ulikuwa umekwisha kukauka kidogo, umefanya ganda. Nilivua viatu nikakanyaga. Kisigino kiligonga.

"Bado," nikasema.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuwasha. "Dada, tujaribu mstari mmoja."

"Bado. Ukivunja plau leo, kesho tunalima na nini?"

"Mstari mmoja! Chini ya hili ganda pana unyevu, nimechimba kwa mkono, tazama." Akanionyesha udongo kiganjani. Ulikuwa ukivunjika chembe chembe. Niliutazama bila kuutazama. Masikio yangu yalikuwa bado yanasikia kisigino.

"Mie nasema bado."

Alizima. Ng'ambo ya ukingo mpwa wa Jumbe, aliyekuwa akisafisha mfereji wake, akaita, "Kimegoma? Kipeni uji!" Mdogo wangu alikaa juu ya kiti cha chuma, mikono magotini, mpaka jua likawa kali, kisha akarudi nyumbani kwa miguu, akaliacha trekta pale pale.

Usiku mvua ikaongeza. Jumanne asubuhi nilikanyaga, kisigino kikazama nusu, nikainua mguu, na alama ikabaki na ukingo safi kama wa bakuli. Nilifurahi hadi nikapiga kelele. Mdogo wangu akashusha plau, akaingiza gia. Trekta likasogea hatua tatu. Magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka mahali pamoja, yakatupa udongo mweusi mpaka kwenye matete, yakajichimbia. Akalitoa nyuma, akajaribu pengine. Hatua nne, likaanza tena. Mipira ilikuwa imejaa tope, imekuwa laini kama kichwa cha mtu aliyenyolewa.

Alizima injini. Hakuniangalia. Alishuka, akatembea mpaka ukingoni, mahali palipoinuka kidogo, akachukua jembe la mkono akachimba, akautazama udongo. Kisha akarudi, akawasha, akaliendesha mpaka pale ukingoni, akashusha plau. Ikazama. Mstari ukafunguka, mrefu, mweusi, unang'aa. Alikwenda nao mpaka mwisho wa ukingo, akasimama.

Nilikwenda pale nikavua viatu. Nikakanyaga pembeni ya mstari. Kisigino kiligonga.

Nilikuwa nimetegemea mguu wa mama kuchagua siku ya mashine. Mama aliusoma udongo kwa ajili ya jembe la mkono. Alitafuta siku ambayo mkono wa mwanamke hautachoka. Trekta halikutaka ulaini. Lilitaka ganda la kukanyaga na unyevu chini yake wa kukata. Siku yake ilikuwa jana. Mimi niliikataa mbele ya macho ya mdogo wangu, naye alinionyesha udongo kiganjani.

"Ilikuwa jana," nikasema.

"Ndiyo," akajibu.

Angeweza kuongeza neno. Nilimpa nafasi aongeze. Alitazama mawingu upande wa Kisarawe, akasema, "Mipira inahitaji kucha. Tuna kamba?"

Nilipanda kilima nikikimbia. Nilitoa kamba ya kisimani, nikafungua kamba za kitanda cha uani, nikamfungua mbuzi kamba yake, na mwisho nikachukua ile ya mama yenye mafundo. Zote zilikuwa za kumbi, ngumu, zinachoma mikono. Tulizizungusha kwenye mipira ya nyuma, tukazipitisha katika matundu ya chuma cha gurudumu, tukazikaza kwa kukanyaga. Mpwa wa Jumbe alikuja mpaka ukingoni kutazama, safari hii bila utani. Mdogo wangu aliwasha. Magurudumu yakazunguka nusu mzunguko mahali pamoja, kamba zikauma udongo, na mafundo ya mama yakawa kama meno. Likasogea. Likasogea tena. Plau ikaingia.

Tulilima mchana ule, na Jumatano, na Alhamisi. Kila baada ya mistari michache kamba ilikatika, nami nilikuwa nyuma nikikimbia na kipande kingine mkononi, nikifunga, nikipiga kelele "Twende!" Nilisuka kamba mpya usiku kutokana na makumbi yaliyokuwa yakisubiri kuuzwa. Tulianza juu, karibu na kilima, tukashuka. Kila nikinyanyua macho niliangalia vitu viwili: mawingu, na kona ya chini upande wa matete. Kona ile ndiyo mama aliyoipenda. Udongo wake ulikuwa mweusi kuliko wote na mpunga wake ulinifika mabegani. Ilikuwa kama ekari moja, labda na kidogo. Na ilikuwa ya mwisho katika mistari yetu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na maji zaidi, na trekta halikuweza kuanzia pale.

"Tutaifika kesho asubuhi," mdogo wangu akasema Alhamisi jioni, uso mzima tope, meno tu ndiyo yanaonekana.

Mvua ilianza saa nane ya usiku ule na haikuacha. Ijumaa kulipokucha nilishuka bondeni na mwavuli wa baba. Maji yalikuwa yamefunika majaruba yote, yetu na ya jirani, yametulia, yanarusharusha matone. Trekta tulikuwa tumelipandisha mchangani, angalau hilo. Mdogo wangu alitoka nyumbani na jembe la mkono, akaingia kwenye kona ile, maji magotini, akaanza kulima. Nikaingia naye. Tulilima mpaka saa sita mchana. Tukageuza pahali pa kulaza mikeka kumi, na maji yakarudi kufunika tulipopita, hata sisi wenyewe hatukuweza tena kupaona.

"Dada, tutoke," akasema.

"Bado," nikasema, na neno lile lilipotoka mdomoni nililisikia. Nikatoka.

Maji yalisimama kutwa nzima. Jumamosi Jumbe alikuja kwa miguu, suruali imekunjwa, mwavuli na fimbo mkononi, mpwa wake nyuma na mambo yake sita. Nilimwamkia, akaitikia. Alitembea ukingo kwa ukingo kama alivyoahidi, akichomeka fimbo majini hapa na pale kuhisi kama udongo umegeuzwa. Mara ya kwanza, umegeuzwa. Mara ya pili, umegeuzwa. Aliendelea hivyo jaruba baada ya jaruba, na nilikuwa nikimfuata nikihesabu pumzi zangu. Alipofika kona ya chini alichomeka, fimbo ikagonga. Akachomeka mbele kidogo, ikagonga.

Alinigeukia. "Hapa je?"

Ningeweza kusema chochote. Maji yalikuwa yamefunika, na mikeka yetu kumi ilikuwa mahali fulani humo chini. Angetafuta kidogo angeipata.

"Hapa hatukufika, mzee."

"Mlikosa nini?"

"Siku moja."

Mdogo wangu alikuwa pembeni yangu. Alijua ni siku gani na ilipotelea wapi, na Jumbe akamtazama kama anayemsubiri. Mdogo wangu alisema, "Mvua iliwahi, mzee." Basi.

Jumbe alitingisha kichwa. Akamwonyesha mpwa wake mahali pa kupiga mambo, na mimi nikakaa pale mpaka yote sita yakapigwa, kwa sababu nilitaka niyajue mahali yalipo. Ekari tano, au pungufu kidogo, zilibaki zetu. Ile kona ikaenda. Mpwa wa Jumbe alipomaliza alifuta jembe lake kwenye majani, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, mngeweza kuimaliza." Sikujua kama ni pole au ni mzaha, na nadhani hata yeye hakujua.

Mwaka ule tulivuna, na mapacha walibaki shule. Mdogo wangu alirudi kwenye lori lake kabla ya mwezi kwisha, lakini kila masika alikuja. Hatukuzungumzia ile Jumatatu. Aliponiletea kamba mpya ya kumbi kutoka Kariakoo, ndefu kuliko ile ya mama, aliitundika jikoni bila maneno, nami nikamwekea chakula.

Masika iliyofuata, siku ya pili baada ya mvua ya kwanza, mpwa wa Jumbe alikuja uani kwangu. Alikuwa amelima kona ile kwa jembe mwaka mzima uliopita, na mgongo wake ulikuwa unamwuma kama wangu ulivyouma.

"Shikamoo dada," akasema. Hakuwa amewahi kuniamkia.

"Marahaba."

"Kile kitrekta chenu. Kina nafasi leo?"

Tulikwenda pamoja, watu watatu na trekta, tukapita kati ya minazi ya baba. Nilivua viatu nikaingia kwenye kona ya mama, ambayo sasa ilikuwa yake, nikasimama juu ya ganda la udongo. Mdogo wangu alikuwa juu ya kiti cha chuma, injini imezimwa, ananingoja. Niliweka uzito wote kisiginoni. Kiligonga kama sakafu.

Nikamwambia, "Washa."